Mpangaji Hayumo Katika Tathmini

Katika Jiji la Dar es Salaam ipo herufi moja ambayo hata asiyekwenda shule anaijua maana yake. Ni ile X ya rangi nyekundu inayochorwa ukutani. Ikishachorwa, nyumba ni ya kubomolewa. Barabara inapanuliwa, bonde linasafishwa, ama ghorofa linakuja. Mwenye nyumba akiiona anatafuta hati yake, anamtafuta diwani, na akiwa na uwezo anamtafuta wakili. Lakini ndani ya nyumba hiyo hiyo kuna watu wengine, mara nyingi wengi kumliko yeye, ambao X hiyo haiwatambui. Hao ni wapangaji. Wiki hii nataka nizungumze habari zao, kwa sababu historia ya ujenzi wa jiji hili tumezoea kuisimulia kwa majengo na barabara, na wao hawatajwi.

Naomba nieleweke mapema. Sipingi ujenzi. Nimesimama kwenye mlango wa daladala kutoka Kimara hadi Posta, mguu mmoja ndani na mwingine nje, na sihitaji kuelezwa faida ya barabara pana. Ninachouliza ni swali dogo tu: gharama ya ujenzi huo hulipwa na nani, na je, jina lake limeandikwa mahali popote?

Tuanze mbali kidogo. Mji huu aliuanzisha Seyyid Majid wa Unguja katika miaka ya 1860. Mwaka 1891 Wajerumani wakaufanya makao makuu yao badala ya Bagamoyo, na mwaka huo huo wakatoa amri ya ujenzi. Upande wa mashariki, penye upepo wa bahari, yaliruhusiwa majengo ya mtindo wa Kizungu tu. Nyumba za miti na udongo zikasukumwa nyuma. Angalia ujanja uliokuwamo. Amri haikuwa na haja ya kusema kwamba Mwafrika asikae hapa. Ilitosha kusema kwamba nyumba ya udongo isikae hapa. Sasa mwenye pesa za kujengea mawe na chokaa alikuwa nani?

Waingereza walipokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendeleza mpango ule ule. Ndipo mji ukawa na sehemu tatu ambazo wazee wetu walizipa majina yaliyo wazi kabisa: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwanja mtupu, nao ndio Mnazi Mmoja. Leo tunapumzika pale, tunafanya sherehe pale, na ni jambo jema mji kuwa na uwanja. Lakini pale palikuwa na nyumba za watu. Ziliondolewa kwa hoja za afya na mpangilio wa mji, wenyeji wakahamishiwa upande wa pili. Kariakoo yenyewe imebaki na jina la kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza, *Carrier Corps*, ambalo ndimi zetu zililigeuza hadi likawa kama la kuzaliwa nalo.

Huko Uswahilini ndiko ilikokomaa ile nyumba tunayoiita nyumba ya Kiswahili. Kwa kuwa vijana wengi wa Sinza na Mbezi hawajapata kulala ndani yake, wacha niieleze. Mbele ni baraza. Ukiingia mlangoni unakuta ukumbi mrefu unaonyoosha hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Uani ndiko kuliko jiko, choo, bafu, kamba ya kuanikia nguo na mara nyingine chumba kimoja viwili vya ziada. Mwenye nyumba hukaa chumba cha mbele pamoja na watu wake, na vilivyobaki anapangisha. Pengine ni mama mjane, na kodi ya vyumba vile ndiyo pensheni yake.

Nami nimepanga chumba katika nyumba ya namna hiyo Magomeni, na si kwa mwaka mmoja. Chumba chetu kilikuwa cha pili kushoto. Jirani wa mbele yetu alikuwa mbeba mizigo bandarini, wa pembeni alikuwa mama aliyekaanga vitumbua alfajiri. Mtoto akiugua usiku, mlango wa kugonga ulikuwa hatua mbili. Dukani tulikopeshwa mchele na unga wa ngano, kwa sababu muuzaji alijua tunalala nyumba ipi. Kazini nilikwenda kwa miguu nauli ilipokatika, na ilikatika kila tarehe 20. Sisemi maisha yale yalikuwa peponi. Choo kimoja kwa watu zaidi ya 20 ni jambo la kuvumiliwa, si la kusifiwa. Lakini mkopo wa duka, jirani wa usiku na kazi ya kufikika kwa miguu ni mali. Mthamini anapokuja na karatasi zake anapima urefu wa ukuta, anahesabu bati, anauliza mwembe una miaka mingapi. Ile mali nyingine hana mahali pa kuiandika.

Baada ya Uhuru, serikali yetu ilianza kwa nia nzuri kabisa. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kufuta vibanda vya udongo katika mitaa kama Magomeni na kujenga nyumba za matofali mahali pale pale. Picha za wakati ule zinapendeza: mistari iliyonyooka, kuta nyeupe, bati jipya. Hesabu yake ndiyo haikupendeza. Nyumba moja inabomolewa, nyumba moja inajengwa, na idadi ya nyumba inabaki ilivyokuwa huku watu wakizidi kushuka kwenye mabasi kutoka mikoani. Zaidi ya hapo, mpango ulimtazama mwenye nyumba. Waliokuwa vyumba vya kushoto na kulia walifunga magodoro wakaenda kupanga kwingine, tena mara nyingi katika vibanda vya aina ile ile iliyokuwa inafutwa. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yenyewe iliona kwamba njia hiyo ni ghali na haifiki mbali, ikaiacha.

Kilichofuata, kwa maoni yangu, ndicho kipindi bora kuliko vyote katika ujenzi wa jiji hili, ingawa hakisifiwi sana kwa sababu hakikuacha jengo refu la kupiga picha. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja na kuvitia huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Ni kweli kwamba viwanja vingi viliishia mikononi mwa wenye nafasi, na Mikocheni ya leo inajieleza yenyewe. Lakini sehemu ya pili ya mpango ule ilikwenda Manzese. Manzese haikufutwa. Ilipitishiwa barabara, mabomba ya maji na taa, na zilibomolewa zile nyumba zilizokuwa katika njia ya huduma hizo. Wengine wote, mwenye nyumba na mpangaji, waliamka asubuhi wakiwa mahali pale pale, ila bomba lilikuwa karibu zaidi. Miaka ya 1980 hali ya uchumi ilibana na mpango ukafifia. Sijui kwa nini tunaposema maendeleo hatuikumbuki Manzese.

Kuna kinga moja zaidi ambayo wapangaji walikuwa nayo. Nchi ilikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, na mabaraza ya kusikiliza mashauri ya mwenye nyumba na mpangaji wake. Mabaraza yale yalikuwa na kasoro zake, na kesi zilichukua muda. Hata hivyo, mpangaji aliyeambiwa ahame kesho alikuwa na mlango wa kubisha. Sheria ile ilifutwa mwaka 2005. Nyakati zilikuwa zimebadilika, soko huria lilikuwa limeingia, na Kariakoo ilikuwa imeanza kupanda juu.

Kupanda huko kwa Kariakoo tumekuona kwa macho yetu. Mwenye nyumba ya vyumba sita ana kiwanja lakini hana fedha. Anakuja mtu mwenye fedha lakini hana kiwanja. Wanaelewana: mmoja atoe ardhi, mwingine ajenge, ghorofa likikamilika wagawane. Siwalaumu. Mama yule mjane niliyemtaja, kama angepata mkataba ulioandikwa vizuri, angezeeka bila kuomba mtu. Wengine wamepata hivyo, na wengine wamebaki na kesi. Wapangaji wao wanapewa notisi, wanabeba vitanda, wanakwenda Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika. Mchana wanarudi Kariakoo hiyo hiyo kuuza mitandio mbele ya ghorofa lililojengwa walipokuwa wakilala. Tofauti ni nauli mbili na saa tatu za njiani.

Na anayebaki jirani naye ana yake. Ghorofa likianza kuchimbiwa msingi, nyumba ya pembeni inapasuka ufa. Mashine ya zege inanguruma usiku, vumbi la saruji linatua kwenye sufuria, chemba ya maji machafu iliyochimbwa kwa ajili ya nyumba ya vyumba sita sasa inapokea choo cha ghorofa nane. Ukiuliza, unaambiwa kibali kipo.

Kuhusu vibali, tuna kumbukumbu mbili nzito. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa katikati ya jiji, Mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka likaua watu 36. Ilielezwa baadaye kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10, na jengo lilikuwa limekwisha fika 16. Miaka 11 ikapita. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, watu wakiwa katika biashara zao, ghorofa lingine likaanguka Kariakoo. Habari zilizotolewa zilieleza kwamba chini yake palikuwa pakichimbwa. Waliokufa hawakuwa chini ya 29. Waokoaji walitoboa zege kwa siku kadhaa huku walionaswa wakipiga simu kutoka chini ya kifusi. Serikali iliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo. Lakini ona tena wale waliokuwamo: wenye maduka ya kupanga, wasaidizi wao, wateja, vibarua. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweza kuamua kama sehemu ya chini ichimbwe au isichimbwe.

Sasa twende barabarani. Ujenzi wa njia ya mabasi yaendayo haraka katika Barabara ya Morogoro ulianza mwaka 2012, na mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016. Mwendokasi, pamoja na misongamano yake ya jioni ambayo sote tunaifahamu, ulimpunguzia mtu wa Kimara mateso makubwa, na anayekana hilo hajapata kuisubiri foleni ya Ubungo ya zamani. Lakini makao ya mabasi yenyewe yalijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi. Hapa nashindwa kunyamaza. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini, na waliokuwa wakikaa bondeni walihamishiwa Mabwepande, mbali huko njia ya Bunju. Desemba 2015 tingatinga likaingia tena bondeni kubomoa nyumba, kwa hoja kwamba bonde si mahali pa kukaa watu. Hoja ilikuwa ya kweli. Basi, mahali ambapo si pa kulala mtu palikuwaje pa kulala basi? Mvua ziliponyesha, maji yaliingia katika kituo kile mara kwa mara, na barabara ya Jangwani ikafungwa. Aliyehamishiwa Mabwepande akawa ameondolewa bondeni, na bado safari yake ya kwenda mjini inakatishwa na bonde lile lile.

Mwaka 2017 ikawa zamu ya Kimara hadi Kibamba. Zaidi ya nyumba elfu moja zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Serikali ilisema zimo katika hifadhi ya barabara, kwa hiyo hazina fidia. Wenyewe walisema wamekaa pale miaka mingi, wengine wakiwa na umeme na maji vilivyounganishwa na mashirika ya umma. Mabishano hayo yaliandikwa sana magazetini. Ambacho sikukiona kikiandikwa ni habari ya mpangaji. Huyu alikuwa amelipa kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, maana ndivyo wenye nyumba wa jiji hili wanavyotaka, na dalali alikuwa amekwisha chukua kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake. Nyumba imekwenda. Amdai nani? Mwenye nyumba amekaa juu ya kifusi chake mwenyewe, hana kitu. Serikali haimjui. Dalali hapatikani kwenye simu.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaeleza fidia kwa mapana kuliko sheria zilizotangulia. Kuna thamani ya soko, posho ya usumbufu, gharama ya usafiri, posho ya makazi, hata faida iliyopotea. Ukiisoma unaona kabisa kwamba aliyeiandika alijua kwamba kuhamishwa ni zaidi ya kupoteza ukuta. Lakini mlango wa kuingilia katika malipo yote hayo ni ardhi. Anayeanza kuulizwa ni mwenye haki katika kiwanja. Mpangaji wa chumba cha pili kushoto, asiye na mkataba wa maandishi, anayelipa kodi mkononi bila risiti, hafiki hata kizingitini.

Mtu anaweza kuniambia kwamba ninataka jambo lisilowezekana. Nitamjibu kwa Magomeni Kota. Nyumba za kota zile zilijengwa enzi za Mwingereza, na baadaye zikawa chini ya halmashauri. Mwaka 2012 kaya 644 ziliambiwa zihame ili pajengwe majengo mapya ya kisasa. Zikahama, nyumba zikavunjwa, kisha kiwanja kikakaa. Majani yakaota. Wakazi walitawanyika jijini, wengine kwa ndugu, wengine katika vyumba vya kupanga, lakini orodha ya majina yao haikupotea, na hawakuacha kuulizia. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itajenga, na kwamba wale wa zamani watakaa miaka mitano bila kulipa kodi. Wakala wa Majengo wakajenga maghorofa ya nyumba 644, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua.

Hii ni habari njema, na nimeifurahia. Lakini ina pande mbili za kutazamwa. Kwanza ni muda. Mtoto aliyekuwa chekechea wakati wa kuhama alikuwa sekondari wakati wa kurudi, na wapo wazee waliotajwa katika orodha ambao hawakufika kuuona mlango mpya. Pili ni sababu ya kufanikiwa kwao. Walikuwa wapangaji, hawakuwa wenye viwanja. Lakini mwenye nyumba wao alikuwa umma, kwa hiyo walikuwa kwenye vitabu, kila mmoja na nyumba yake. Walipokwenda kudai hawakuanza kwa kuthibitisha kwamba walikuwapo. Mtu aliyepanga kwa mama mjane mtaa wa pili, hatua 100 kutoka pale, hana vitabu hivyo.

Mfano wa pili ni bonde lile lile la Msimbazi. Mradi mkubwa wa kuliendeleza, wenye daraja jipya la Jangwani ndani yake, ulipata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 mwaka 2022. Masharti ya benki hiyo yanataka kila anayeguswa ahesabiwe, awe na hati au asiwe nayo, na mpangaji naye yumo. Kwa hiyo mkopo ukitoka huko, mpangaji anakuwa mtu. Barabara ikijengwa kwa fedha zetu wenyewe, anarudi kuwa kivuli. Jambo hili linaniudhi kuliko mengine yote niliyoyasema leo, kwamba mkazi wa Vingunguti atambuliwe kwa sharti la mkopeshaji na asitambuliwe na fomu ya halmashauri yake.

Wahandisi na wathamini niliozungumza nao hunijibu kwamba wapangaji hawahesabiki, leo wapo na kesho wamehama. Agosti 2022 tulifanya sensa. Makarani walipita Tandale, Manzese, Kariakoo na Mbagala, chumba kwa chumba, wakawauliza watu nani alilala humu usiku wa kuamkia siku ya sensa, ana umri gani, anafanya kazi gani. Waliwapata watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu. Majengo nayo yaliorodheshwa. Karani alipofika katika nyumba ya vyumba sita hakumwandika mwenye nyumba peke yake akageuka. Aligonga pia mlango wa pili kushoto, akafunguliwa, akaandika.